Mchanga Mkuukuu Haufukuliwi kwa Siku Moja

Swali huja kwa sura tatu, lakini ni swali moja. "Mchanga wangu umekuwa mweusi upande wa kioo, niutoe?" "Nikiuchokonoa unatoa viputo na harufu ya yai viza, samaki watakufa?" "Tangi lina miaka minne na mchanga sijawahi kuugusa, nianzie wapi?" Wengi wanaouliza wanafuga mbuna na jamaa zake wengine wa Ziwa Nyasa, kwenye tangi la kioo sebuleni, hapa Mbinga mjini au kule chini Mbamba Bay na Liuli. Wachache wako pwani na tangi lao ni la maji chumvi. Hao nao nimewatengea fungu lao kuelekea mwisho.

Jibu fupi: usiufukue leo. Mchanga wa zamani ukitulia, uchafu wake umelala. Ukiutifua wote kwa mkupuo, umeamsha kila kilicholala na kukimwagia samaki usoni.

Nasema haya kwa sababu niliwahi kufanya hivyo. Tangi langu la kwanza likiwa na mwaka wa tatu, Jumamosi moja asubuhi nilizamisha mkono hadi kiwiko nikatifua mchanga wote kama mtu anayepalilia maharage, nikiamini filta ingemaliza kazi. Saa kumi jioni samaki walikuwa juu ya maji wanatweta. Kesho yake nilizika kumi na mmoja chini ya mibuni. Chakula, maji na filta vilikuwa vilevile vya siku zote, kwa hiyo sikuwa na wa kumsingizia.

Kwanza usome mchanga kupitia kioo

Chukua rula, uisimamishe nje ya kioo, pima kina cha mchanga kwenye kona zote nne. Kisha piga magoti utazame pembeni kwa tochi. Unachokiona kina maana yake:

- Vumbi la kahawia juu ya mchanga: mabaki ya chakula na kinyesi. Kazi ya kawaida ya kila wiki.
- Ukanda wa kijani au wa zambarau uliogusana na kioo: mwani na bakteria waliofuata mwanga. Unachukiza macho tu. Ziba mwanga upande huo na uache.
- Chembe nyeusi zilizotawanyika, zinazong'aa, zisizo na harufu: huenda ni madini yaliyokuja na mchanga wenyewe. Toa kijiko kimoja, kikaushe, pitisha sumaku. Nyingi zikinasa, ujue ni chuma cha asili na si uozo.
- Tabaka la kijivu hadi jeusi chini, lenye mpaka kama uliochorwa: hapo oksijeni imekwisha. Hili ndilo mnaloliulizia.
- Viputo vikubwa vinavyopanda vyenyewe, vikipasuka vinanuka yai viza: tabaka jeusi limeshiba. Hapa kuna kazi ya kufanya, ila polepole.

Kina kina uzito kuliko umri. Mchanga wa sentimita 2 hadi 3 unaweza kukaa miaka mingi bila tatizo kwa sababu maji yanaupenya. Kwenye tangi la samaki wa Nyasa sioni sababu ya kuzidisha 4. Ukikuta 7 au 8 kwenye kona moja, usishangae: mbuna ni wachimbaji, wanahamisha mchanga usiku na mchana na kuurundika wanapotaka wao.

Kwa nini samaki wa Nyasa hawakusamehe

Maji ya ziwa letu yana pH ya takriban 7.7 hadi 8.6, na wafugaji huyalenga maji ya namna hiyo tangini. Ni sawa. Lakini ukitifua mchanga wa zamani, pamoja na ile gesi ya yai viza hutoka amonia, na ukali wa amonia hufuata pH. Kwenye pH 7, katika kila sehemu 100 za amonia, isiyofika 1 ndiyo iliyo katika hali ya sumu kali. Kwenye pH 8.5 na joto la nyuzi 26, hufika kama 16. Kosa ambalo mfugaji wa samaki wa maji laini huponea, kwako ni msiba.

Gesi ya yai viza yenyewe inaogopwa kupita kiasi. Ni sumu, ndiyo, lakini kwenye maji yenye pH ya juu sehemu kubwa yake hugeuka kuwa katika hali isiyo kali sana, na ikikutana na oksijeni huisha. Kiputo kimoja hakiui. Kinachoua ni mkono wa mtu mwenye haraka.

"Lakini ziwani nani anasafisha?"

Hili hunijia kila mara, na huulizwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda kesi. Tazama ziwa lilivyo. Kina chake kinafika takriban mita 700, na ukishuka chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni na hakuna samaki. Kuna maji yenye gesi hiyohiyo ya yai viza. Yaani Nyasa nalo lina tabaka lake jeusi, kubwa kuliko la mtu yeyote. Samaki wanaishi juu, mahali upepo wa mwera unapopiga mawimbi, mito inapoingia na maji yanapopumua. Kinachowaponya ni kwamba la chini limebaki chini.

Tangi lako lina kina cha nusu mita. Kati ya mchanga na pua ya samaki hakuna mahali pa kukimbilia.

Na wale wenye mashamba ya ngoro watasema: mbona sisi tunafukia majani chini ya udongo yaoze, na mahindi yanastawi? Kweli. Ila kwenye ngoro udongo unapumua, na kuna mizizi inayosubiri kula kilichooza. Tangini hakuna anayekula, isipokuwa umeotesha majani ya majini yenye mizizi, kama yale marefu membamba kama utepe yanayoota pia ziwani. Mizizi yake hupeleka oksijeni mchangani. Ukiweza kuyalinda yasitafunwe na mbuna, nakupa hongera.

Vifaa, na vingi unavyo nyumbani

- Mpira wa nusu inchi, mita mbili.
- Chupa ya maji ya nusu lita. Kata kitako, ingiza mpira kwenye shingo, kaza kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mdomo mpana unapunguza kasi ya maji: uchafu unapanda, mchanga unaanguka.
- Ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni. Ziandike "SAMAKI" kwa rangi, la sivyo zitatumika kufulia.
- Maji mapya yaliyokaa wazi saa 24, ili klorini itoke kama maji ya mtaani kwenu hutiwa dawa, nayo yapate joto la chumba.
- Pampu ya hewa na jiwe lake. Kama huna, usianze.
- Kipimo cha amonia, ukikipata. Kinasaidia, ila macho yako kwa samaki yanatosha kuanzia.

Kazi yenyewe

Mfano wangu ni tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 50, yaani lita 200 hivi. Gawanya sakafu yake vipande vinne kwa macho. Utashughulikia kipande kimoja kila wiki mbili, na hutavuka mpaka hata kama kazi imekunogea.

1. Siku moja kabla, usiwalishe samaki. Tumbo tupu hutoa amonia kidogo.
2. Chomoa hita na pampu kwenye umeme kabla ya kuingiza mkono. Hita iliyo moto ikibaki juu ya maji hupasuka, na mkono kwenye maji yenye waya mbovu sina haja ya kuueleza. Pampu ya hewa iliyo nje ya tangi iache ikifanya kazi kwa nguvu zote.
3. Jaza mpira maji kabla ya kuushusha. Usivute kwa mdomo. Nimemwona mtu mzima akimeza alichokuwa anakiondoa.
4. Anza na vumbi la juu: shika mdomo wa chupa kama sentimita 2 juu ya mchanga, upitishe taratibu kama unayepiga pasi.
5. Rudi ulikoanzia. Sasa zamisha chupa sentimita 1 tu ndani ya mchanga, uuache uchemke ndani ya chupa, maji yakianza kung'aa inua, sogea hatua inayofuata. Safari hii ya kwanza usiguse tabaka jeusi.
6. Simama ukishatoa theluthi moja ya maji, hata kama kipande hakijaisha.
7. Rudisha maji mapya polepole, juu ya kisahani, yasichimbe shimo. Washa vyote.
8. Kaa nao saa moja. Angalia tena usiku, na asubuhi.

Mzunguko wa kwanza unachukua wiki nane. Katika mzunguko wa pili zamisha hadi sentimita 2, na wa tatu fika chini. Utasema ni miezi sita hiyo. Ndiyo. Tabaka lile lilichukua miaka kujengeka, na bakteria wanaokula amonia wanaishi humohumo mchangani. Wanahitaji muda wa kuhamia kipande kilichosafishwa kabla hujawavurugia kingine.

Dalili za kwamba umezidisha: samaki juu wakihema kwa kasi, mashavu mekundu, wamejikunja pembeni bila kugombana (mbuna wasiogombana ni wagonjwa), maji ya maziwa. Ukiona hivyo badilisha theluthi ya maji mara moja, ongeza hewa, usilishe kwa siku mbili, na acha mchanga kabisa kwa mwezi.

Mawe, jamani, mawe

Tangi la mbuna ni rundo la mawe. Kama uliyapanga juu ya mchanga, kila mchanga unaoutoa unalegeza msingi, na samaki nao wanachimba upande wa pili. Jiwe la kilo sita likianguka kwenye kioo, habari ya mchanga imekwisha. Shusha mawe kwanza, kipande kwa kipande kama unavyofanya mchanga. Unapoyarudisha, yakae kwenye sakafu ya tangi, juu ya kipande cha plastiki kigumu, ndipo mchanga uzunguke.

Makosa yanayojirudia

- Kuosha mchanga na filta siku moja. Umewaua bakteria wa sehemu zote mbili. Acha wiki moja katikati.
- Kuosha mchanga wa zamani kwa maji ya bomba yenye klorini halafu kuurudisha ukidhani ni uleule. Huo sasa ni mchanga mfu.
- Sabuni, ya aina yoyote, hata "kidogo tu".
- Kuongeza mchanga mpya juu ya mchafu ili upendeze. Umejenga dari juu ya choo.
- Kununua dawa ya chupa inayoahidi kula uchafu. Kinachotolewa kwa mpira ndicho kilichotoka.
- Kulisha mara tatu kwa siku. Nusu ya mchanga mweusi niliowahi kuitiwa nikauone ulikuwa ni chakula.

Wasaidizi wa mchangani

Konokono wadogo wenye gamba refu lililochongoka, ambao Nyasa imejaa jamaa zao, hukaa mchangani mchana kutwa na kuupitisha hewa. Hawaondoi uchafu, wanausogeza, lakini mchanga wao haugandi. Wana faida nyingine: ukiamka ukawakuta wote wamepanda kioo, chini hakuna oksijeni. Ni kengele ya bure.

Samaki wapo pia. Ziwani kuna wanaojaza mchanga mdomoni, wakachuja chakula, wakautema kupitia mashavu, na kuna madume wanaojenga vichuguu vya mchanga kuvutia majike. Ukiwa na hao, tabaka la juu hutawahi kulisafisha. Ila wengi hukua wakubwa, na lita 200 haziwatoshi. Usinunue samaki kwa ajili ya kufagia.

Lini uutoe wote

Mara chache. Kama sakafu nzima ina zaidi ya sentimita 7 na imeganda. Kama uliweka mchanga wa ujenzi wenye udongo ndani na maji hayajawahi kung'aa. Kama ulitia mchanga wa matumbawe kusaidia pH, na miaka imepita, chembe zimefunikwa utando na pH inashuka wiki hadi wiki.

Hata hapo, robo kwa robo. Punguza maji kidogo, nyonya mchanga na tope lake kwa mpira mtupu bila chupa, uingie ndoo moja kwa moja. Robo ya tangi langu la mfano, ikiwa kina ni sentimita 3, ni lita 3 tu, kama kilo tano. Acha sehemu hiyo wazi kwa wiki. Weka kando kikombe cha mchanga wa juu, ule msafi, kikae ndani ya tangi kwenye soksi safi, ukinyunyize juu ya mchanga mpya utakapouweka, kama mtu anayetia chachu.

Mchanga mpya unatoka wapi

Kwa sasa barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni lami, na kila anayeshuka ufukweni anataka kurudi na ndoo. Ufukwe huo ulikuwa wa Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012, na watu wetu bado wanauona kama ua wa nyumbani. Uliza kwanza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa; pita ofisi ya kijiji au kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) kabla hujachota. Kukamata samaki wa mapambo ili kuuza kunahitaji leseni ya uvuvi, na samaki wetu wana soko: jina la kisiwa cha Hongi limebandikwa kwenye matangi Ulaya na watu wasioweza kukionyesha kwenye ramani.

Halafu kichocho. Mwambao wa Nyasa unacho, na vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji. (Hawa si wale wa gamba refu niliowasifu, ni wengine, wenye gamba fupi la mviringo.) Basi:

- usichote mchanga ukiwa umesimama majini miguu mitupu;
- uchekeche ukiwa mkavu, utoe konokono wote;
- uanike juani, safu nyembamba, siku tatu au zaidi;
- maji ya ziwa uliyobeba yaache siku tatu bila konokono ndani kabla ya kuyatia mkono. Vimelea visipompata mtu havifiki siku hiyo ya tatu.

Mchanga wa mtoni nao unafaa, ukioshwa hadi maji ya ndoo yawe ya kunywewa na mbuzi mwenye kiburi. Ukitaka kujua kama mchanga una chokaa, dondoshea siki. Ukitoa povu, utapandisha pH. Kwa sisi wa milimani, tunaotumia maji laini ya vijito, kiasi chake kinasaidia.

Baridi na giza

Juni na Julai hapa juu ni baridi. Kwenye tangi lisilo na hita, samaki hula kidogo na bakteria hufanya kazi polepole. Punguza chakula, na ahirisha mchanga hadi Septemba. Vilevile usiuguse siku ambayo umeme umekatika au unacheza. Mchanga unatumia oksijeni hata filta ikiwa imezimika. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, suuza filta kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha, maana yale maji yaliyolala ndani yake nayo yameoza.

Ninyi wa maji chumvi

Kanuni ya robo kwa robo ni ileile, ila hofu iongezeni. Gesi ya yai viza hutengenezwa na bakteria kutokana na salfeti, na maji ya bahari yana salfeti kama gramu 2.7 kwa lita. Maji ya Nyasa yana chembe tu. Kwa hiyo tabaka jeusi la kwenu linashiba haraka na lina nguvu. Mchanga wenye kina cha sentimita 2 hadi 3 usafisheni kwa chupa kama sisi. Mliojenga mchanga wa sentimita 10 na zaidi kwa makusudi, ili bakteria wa chini wale naitreti, msiuzamishie chupa kabisa: safisheni uso, waacheni minyoo na wadudu wake wafanye kazi. Ukizeeka hadi kuganda kama saruji, hamisheni samaki na matumbawe kwenye chombo kingine kwanza, ndipo mtoe.

Na mlioko Mtwara: mchanga mweupe wa Ghuba ya Mnazi uko ndani ya hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Hauchotwi kwa ndoo.

Uliotoka upelekwe wapi

Mchanga wa maji baridi na tope lake ni mbolea. Utie kwenye migomba au kitalu cha kahawa, mbali na njia ya maji. Wa maji chumvi usiupeleke shambani, chumvi itachoma mizizi. Uoshe mara kadhaa kwanza, ndipo ufae kwa zege la kujazia shimo la uani.

Kijitoni usimwage, hata kama kimepita nyuma ya nyumba. Baadhi ya vijito vya milima yetu hii ya Umatengo huingia Mto Ruvuma, unaoishia Bahari ya Hindi. Ruhuhu unaingia Nyasa. Kijito cha nyuma ya nyumba yako huenda ni cha Ruvuma, na konokono na vifaranga waliojificha kwenye ndoo yako ni wa Nyasa.